Mara Nne na Nusu

Mtamboni, 3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama mzima, mimi mzima. Kasha hili la barafu analokuletea dereva wa lori la klorini lina chupa sita za maji ya mto. Usifungue hata moja. Zishushe kwenye maabara ya Tume yenu, umkabidhi mkemia mkononi, usimwachie mlinzi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu barua pepe za mtambo zote zinapitia kwa meneja, na meneja wetu siku hizi ana masikio marefu.

Nikueleze shida. Tangu kile kiwanda cha ngozi kifunguliwe huko juu, nyavu za lango letu la kuingizia maji hazisafishiki. Zamani tulikuwa tunatoa majani na vijiti. Sasa natoa nywele. Nywele za ng'ombe, mdogo wangu, zimeshikana na mafuta kama kitu kilichotapikwa, na katikati yake vipande vya nyama vyeupe vinavyoteleza vidoleni. Leo asubuhi nimetoa ndoo mbili. Harufu inapita glovu na kukaa kwenye kucha. Mchana nikishika mkate naisikia.

Lakini nywele naziona, na mafuta nayatuliza kwa shabu. Kinachonitisha ni nisichokiona. Ngozi wanaitia chumvi ya kromiamu ili isioze. Chumvi hiyo haichujiki kwa mchanga wala haifi kwa klorini, na mashine ya kuipima hapa hatuna. Ipo kwenu, ghorofa ya chini, na wewe uko ya nne.

Kanuni ya sita ya mtambo iko wazi: kromiamu ikizidi kiwango mara tano, mpimaji wa zamu anafunga lango papo hapo, haombi ruhusa ya mtu. Ila awe na jibu la maabara yenu. Kwa hiyo nijibu haraka. Watu elfu arobaini wananywa maji haya, na mmoja wao ndiye aliyekuzaa.

Ulisema kwenye simu kwamba mwongozo mpya wa maji ya bonde utasainiwa Juni, na wewe ndiye unayeuandika. Najivunia. Andika kwa wino mzito.

Dada yako


Tume ya Bonde, ghorofa ya nne
14 Machi

Shikamoo Dada,

Chupa zimefika salama. Dereva wako anaendesha kama amebeba mayai. Nilizishusha mwenyewe maabara, kisha nikapanda lifti nikinuka machinjio. Mkuu wangu wa kitengo alifungua dirisha.

Jibu limetoka. Ni mara nne na nusu ya kiwango. Si jibu zuri, najua, lakini halijafika mara tano, kwa hiyo huna haja ya kugusa lango. Karatasi yenye muhuri itafuata. Lazima ipite kwa mkuu wa kitengo, naye ana mlima wa mafaili. Kwa sasa nakuomba nambari hii ikae kwako. Ikisambaa watu watataharuki, na taharuki nayo ni ugonjwa.

Mwongozo unaendelea. Jana wajumbe wa sehemu ya juu ya mto na wa sehemu ya chini walibishana saa mbili nzima juu ya neno moja. Wa chini walitaka liandikwe "uchafuzi". Wa juu wakasema neno hilo linahukumu. Mwisho tumeafikiana "badiliko la ubora". Ungekuwepo ungecheka, au ungetapika. Na huku wanabishana juu ya maji ya mto, kila mmoja ana chupa yake ya maji kutoka ng'ambo, yenye picha ya mlima wa theluji.

Jambo jingine. Nimemkumbuka sana Mama. Nyumbani kwangu kuna chumba kizima hakina mtu. Mwambie aje akae nami hadi Juni, apumzike. Amefua mashuka ya kliniki miaka thelathini, inatosha. Tafadhali umshawishi.

Mdogo wako


Mtamboni, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mara nne na nusu nimeipokea. Nilishusha pumzi, nisikufiche, maana kuukatia mji mzima maji si mchezo. Lakini karatasi yenye muhuri bado. Mkumbushe huyo mwenye mlima.

Mama amekataa kuja. Anasema, "Nikakae ghorofani nifanye nini, nihesabu magari?" Hata hivyo amefurahi. Kila anayepita mlangoni anaambiwa kwamba mwanawe kamwita mjini.

Sasa nikusimulie. Wiki iliyopita kiwanda kilitualika sisi watu wa maji tukaone "mradi wa mfano". Tulipokewa na afisa mazingira wao, kijana wa suti, viatu vyeupe pe. Getini pana bwawa dogo lenye samaki wekundu. Akasema, "Mama, samaki hawadanganyi. Maji yetu yakiwa mabaya, hawa ndio wangekufa kwanza." Wenzangu wakapiga picha. Mimi nikabaki nyuma na mtunza bustani aliyekuwa anakata majani, nikamuuliza maji ya bwawa yanatoka wapi.

"Kisimani," akasema. "Kisima kiko pale nyuma ya kantini. Hawa samaki wakitiwa maji ya mto hawamalizi siku."

Nikazunguka nyuma ya ukuta. Kuna bomba nene kama pipa, mdomo wake mweusi, linatema maji ya kijani yenye povu la rangi ya usaha. Chini yake yamejikusanya masalio ya ngozi, yamevimba, yamekuwa kama ulimi. Mbwa wawili walikuwa wanavutana kipande. Mmoja alikitapika, akakirudia. Nzi waliniingia mdomoni kwa sababu nilikuwa nimeuacha wazi kwa mshangao. Nilitema mate njia nzima.

Kuaga, kila mgeni akapewa mkoba wa ngozi. Laini, sina ubishi. Nikaubeba hadi getini, nikamkabidhi mlinzi. Akaugeuzageuza, akaniambia, "Tangu nianze kazi hapa, wewe ndiye wa kwanza kurudisha." Meneja wetu aliuvaa wake begani kabla hata hatujapanda gari.

Na kesho yake huyo huyo meneja akaleta waraka, kwamba kuanzia sasa sampuli zisichukuliwe langoni. Zichukuliwe kilomita mbili chini ya lango, baada ya daraja, pale kile kijito kisafi kinapoingia mtoni. Waraka unapaita "eneo la mchanganyiko". Ni sawa na kumpima mgonjwa homa kwa kumwekea kipimajoto jirani yake. Mji haunywi maji ya chini ya daraja. Unanywa ya langoni. Nimechukua kote kuwili, chupa nimeziandika. Hakikisha zote zinapimwa.

Mikono ya Mama ina vidonda katikati ya vidole, haviponi. Muuguzi wa kliniki ananiambia ameona wengine ishirini kama yeye mwezi huu, wengi wafuaji na waosha magari. Nimemwambia Mama avae glovu. Ananiambia glovu hazijui kufua.

Dada yako


Tume ya Bonde, 20 Aprili

Shikamoo Dada,

Pole kwa karaha ya huko kiwandani. Nimesoma barua yako nikaacha chakula changu cha mchana mezani.

Lakini naomba unisikilize kwa utulivu. "Eneo la mchanganyiko" si uhuni wa meneja wenu. Ni jambo linalojulikana kitaalamu, na limo ndani ya rasimu ya mwongozo. Mto ni kitu kimoja, Dada, huwezi kuuhukumu kwa mahali pamoja. Wajumbe wa juu wamesema wazi kwamba bila kipengele hicho wanaondoka mezani, na wakiondoka hakuna mwongozo kabisa, hakuna kiwango, hakuna faini, kila mtu atamwaga anavyotaka. Nusu shari heri kuliko shari kamili. Kiwanda kile kimeajiri watu elfu moja na mia nne. Ukikifunga leo, kesho hao watakuja kurusha mawe getini kwako.

Tukishasaini Juni, tutakuwa na meno. Nivumilie hadi hapo.

Chupa zako zinapimwa. Naomba pia majedwali yako yote ya mwaka huu na mwaka jana, miezi ya mvua ikiwemo. Yatatusaidia kuonyesha picha kamili.

Mama bado hataki? Mwambie nimeshanunua godoro. Mwambie kuna daktari mzuri wa ngozi mita mia kutoka kwangu. Mwambie chochote, Dada, hata kama ni uongo mdogo. Aje tu.

Mdogo wako


Mtamboni, 12 Mei

Mdogo wangu,

Dereva wa klorini ameniletea rasimu ya mwongozo. Aliipata wapi si kazi yako kujua. Nimeisoma yote, kurasa hamsini na mbili, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mapipa ya shabu.

Ukurasa wa thelathini na moja kuna jedwali. Chini yake pameandikwa: "Chanzo: Mpimaji wa Mtambo." Huyo ni mimi. Nilikutumia vipimo vyangu, na wewe ukavichukua vya kiangazi ukavichanganya na vya masika, vya langoni ukavichanganya na vya chini ya daraja, ukapata wastani. Wastani huo ni mzuri, unang'aa, samaki wekundu wangeweza kuogelea humo. Lakini hakuna mtu anayekunywa wastani. Siku mto umekauka na kiwanda kinatema, mtu anafungua bomba anakunywa kilichopo siku hiyo.

Na chini ya jedwali kuna sentensi hii: "Kwa kuzingatia mazingira yote na bila kupuuza wasiwasi wa wadau, hali inahitaji subira ya kitaalamu." Niliisoma mara mbili, mara ya tatu nikasikia sauti yako. Nakujua. Ulipokuwa darasa la sita uliniandikia barua ya kumwomba mwalimu radhi kwa kosa nililolifanya mimi, na ilikuwa tamu hivi kwamba mwalimu akaniomba radhi yeye. Una kipaji cha kumfanya aliyepigwa ajione ndiye mkosaji.

Niambie jambo moja tu. Ni mkono wako?

Na karatasi yenye muhuri iko wapi? Ni miezi miwili sasa. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa zako tia maji. Hawakusema maji gani.

Dada yako


Tume ya Bonde, 19 Mei

Shikamoo Dada,

Mimi ni karani. Wajumbe wanasema, mimi naandika. Sentensi inaweza kuwa na mkono wangu, lakini uamuzi si wangu. Ukimlaumu mpiga chapa kwa habari za gazeti utakuwa unamwonea.

Muhuri unafuata. Mkuu wa kitengo yuko safarini.

Naandika mbiombio. Vipi vidonda vya Mama? Nitamtumia gari Jumamosi. Afunge nguo zake, asibishe.

Mdogo wako


Mtamboni, 2 Juni

Shikamoo yako nimeiona. Siitikii.

Jana kasha la barafu lilirudi kutoka kwenu. Chini kabisa, chini ya vipande vya barafu, kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi mbili zenye muhuri. Moja ya Machi, moja ya Aprili. Mkemia wenu, yule mama mtu mzima ambaye hujawahi hata kunieleza ana sura gani, ameandika pembeni kwa penseli: "Nasikia bado unazisubiri. Zilitoka siku ile ile."

Machi, langoni: mara kumi na moja.

Aprili, langoni: mara kumi na tatu.

Mara nne na nusu uliitoa wapi? Nimekaa nikajiuliza kwa nini usiseme mbili au tatu, na nimepata jibu. Ungesema mbili nisingeamini, maana nilikuwa nimeona nywele. Ungesema tano ningefunga. Ulikaa ukanipimia uongo kwa kijiko, unaonitosha mimi, na unaoacha lango wazi. Nimefungua lango hilo kila siku kwa mkono wangu kwa siku themanini, nikiamini neno lako.

Hilo bado si baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni chumba, godoro, daktari wa ngozi na gari la Jumamosi. Nilidhani mdogo wangu amekua, anamkumbuka mama yake. Kumbe ulikuwa unajua. Ulitaka kumtoa mmoja kwenye mji wa watu elfu arobaini, tena kwa siri, na waliobaki waendelee kunywa hadi wajumbe wako wasaini. Wafuaji wale ishirini nao ni mama za watu.

Nilitapika. Sikwambii kwa mfano. Nilitapika kwenye beseni la maabara, kisha nikafungua bomba nisafishe, nikaangalia maji yanayotoka, nikafunga.

Asubuhi saa mbili nilipanda langoni. Gurudumu la lango linazungushwa mara sitini. Nilipofika arobaini meneja akaja anakimbia, mkoba wake wa ngozi unampigapiga mbavuni.

"Nani kakuruhusu?"

"Kanuni ya sita."

"Unajua mwongozo unasainiwa wiki ijayo?"

"Najua. Ndugu yangu ndiye kauandika."

Akanishika mkono. Nikamwonyesha karatasi. Alisoma, akasoma tena, akaniachia, na unajua alisema nini? Alisema, "Hizi hukutakiwa kuzipata." Hakusema si kweli. Alisema sikutakiwa kuzipata. Nikamalizia mizunguko ishirini iliyobaki.

Mchana mji ulikuwa mkavu. Maboza mawili yameletwa, watu wamepanga foleni kuanzia sokoni hadi kwenye shule. Wananitukana. Wanasema nimehongwa, wengine wanasema nimerukwa na akili. Mwanamke mmoja niliyesoma naye alinitemea mate miguuni, na sikumlaumu, alikuwa na mtoto mgongoni na ndoo tupu. Nimebandika nakala za karatasi zile kwenye ukuta wa kliniki, kwenye stendi na kwenye mlango wa mtambo. Jioni tatu zote zilikuwa zimechanwa. Nimebandika nyingine.

Mimi nimesimamishwa kazi. Funguo za lango nimemkabidhi muuguzi wa kliniki mbele ya mashahidi kumi, maana afisa afya ndiye peke yake anayeweza kuamuru lifunguliwe, na muuguzi ndiye anayemwakilisha hapa.

Gari lako lilikuja Jumamosi ile. Mama alilirudisha tupu. Alikuwa hajui lolote, alisema tu hasafiri na vidonda. Leo nimemweleza yote. Aliniuliza, "Nambari aliyokuambia ilikuwa ngapi?" Nikamtajia. "Na ya kweli?" Nikamtajia. Akaenda kuanua nguo.

Usiniandikie mimi tena.


Mjini, 16 Juni

Dada,

Umesema nisikuandikie. Hii isome au ichome, ila niliona heri uwe nayo.

Nilijua tangu siku ile nilipozishusha chupa. Mkemia aliniita nishuke, akanionyesha kwenye kioo cha mashine. Nilipanda ghorofani na karatasi mkononi. Mkuu wa kitengo aliisoma amesimama, akasema, "Dada yako akifunga lango kabla ya Juni, wa juu wanaondoka. Kazi ya miaka sita inakwenda na maji." Kisha akasema nafasi ya katibu mkuu wa sekretarieti itakuwa wazi Julai. Mambo hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja, na mimi niliyasikia kama jambo moja. Hakuniambia nidanganye. Aliiweka karatasi kwenye mtoto wa meza, akafunga. Uongo niliutunga mimi, usiku ule ule, nikajaribu nambari kadhaa kama mtu anayejaribu viatu. Umenisoma sawasawa.

Nilijiambia ni miezi mitatu tu. Nilijiambia watu wamekunywa mabaya zaidi. Nilijiambia mwongozo ukisainiwa utaokoa mamilioni, na elfu arobaini watasamehe. Kila nilipojiambia hivyo niliandika barua nyingine ya kumwita Mama. Sikuona kwamba mkono mmoja ulikuwa unamshitaki mwingine. Au niliona.

Nikueleze ya ukumbini. Habari ya lango ilifika siku hiyo hiyo. Wa juu hawakuondoka. Ndilo lililonimaliza. Miezi mitatu tulitetemeka wasije wakaondoka, na walipopata habari walicheka, wakaagiza chai.

Asubuhi ya kusaini nilikuwa nimechapa nakala hamsini za karatasi zile mbili. Nilizitia kwenye kila faili la mjumbe, juu kabisa, kabla ya ratiba. Nilisimama pembeni nikisubiri. Nilidhani mtu atapaza sauti. Walifungua mafaili. Walisoma, nakuambia kweli walisoma, niliona macho yao yakishuka mstari kwa mstari. Mjumbe mmoja wa sehemu ya chini, wa kwetu, alikunja karatasi yake mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Mwenyekiti akasema, "Tume imepokea kwa shukrani taarifa ya nyongeza kutoka sekretarieti." Akanitazama mimi. "Karani, andika hivyo." Wakasaini baada ya chakula cha mchana. Eneo la mchanganyiko limo. Badiliko la ubora limo. Wakapiga makofi. Mhudumu akapitisha chupa zenye mlima wa theluji, na mimi nikashika yangu, na ilikuwa baridi, na nilikuwa na kiu kweli, na nikairudisha mezani bila kuifungua.

Sikuandika hivyo. Kwenye kumbukumbu za kikao nimeandika: "Wajumbe walioneshwa kwamba maji ya mji yana sumu mara kumi na tatu ya kiwango, wakasoma, wakasaini." Kumbukumbu zilisambazwa kabla hazijazuiwa. Saa tisa walinzi wawili wakanisindikiza hadi barabarani na sanduku la vitu vyangu. Mkuu wa kitengo alikuwa dirishani.

Sijitetei. Nimechelewa kwa siku themanini na zaidi, na ushujaa wa kuchelewa haumnyweshi mtu. Natamani kujua hali ya Mama. Ukiniandikia neno moja tu la afya yake litanitosha.

Mdogo wako


Nyumbani, 29 Juni

Mwanangu,

Hii naisema mimi mama yako, anaandika dada yako. Hakutaka. Nimemwambia kalamu ni yake ila mdomo ni wangu, asitie neno.

Umeuliza afya yangu. Vidonda vinanyauka tangu niache kufulia maji ya bomba. Daktari aliyeletwa na afisa afya amenitoa damu, mimi na wengine mia tatu. Anasema figo zangu hazimpendezi, lakini hawezi kuapa kama ni maji au ni uzee. Nami siwezi. Hilo ndilo lenye kuudhi, kwamba hata sitajua nani wa kumkasirikia vizuri.

Barua yako nimesomewa yote, hata pale pa mguu wa meza. Dada yako alipofika hapo alitoka nje kidogo. Anataka niandike kwamba nimekusamehe, maana anakuonea huruma, ijapokuwa anasema hakuonei. Sijakusamehe. Sijakataa pia. Wewe ulitaka kunitoa mimi ukamwacha muuza duka, na mwalimu, na yule mwenye mtoto mgongoni. Ningekuja kukaa kwenye hicho chumba chako, ningewatazamaje nikirudi? Ulinipenda vibaya, mwanangu. Sikukufundisha kupenda hivyo, au labda nilikufundisha bila kujua.

Lango bado limefungwa. Wamefunga pampu kwenye kijito kisafi, maji yanatoka siku mbili kwa wiki, membamba kama mkojo wa mgonjwa. Kiwanda kinatema kama kawaida. Harufu ikija na upepo tunafunga madirisha. Watu wameacha kumtukana dada yako tangu yale maneno yako ya kikao yalipofika hapa. Yule aliyemtemea mate alikuja jana na fagio, akafagia uwanja wetu wote, akaondoka.

Sasa sikiliza. Muuguzi amesoma huo mwongozo wenu. Anasema ukurasa wa mwisho kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, kuna haki ya mji wowote kuweka pingamizi mbele ya majaji wa bonde ndani ya siku sitini. Anasema karani aliyeandika kipengele hicho lazima alikuwa anaona haya. Kama ni wewe, afadhali. Siku kumi na tisa zimeshapita. Hapa tuna watu wa kutoa ushahidi, tuna chupa, tuna karatasi zenye muhuri, tuna hasira. Hatuna anayejua lugha ya watu hao.

Njoo. Utakaa kwenye meza ya jikoni, dada yako atakaa mbele yako. Atakutajia nambari, nawe utaiandika kama alivyoitaja. Hutaongeza subira, hutaongeza wadau, hutaongeza mazingira yote. Atasoma kila ukurasa kabla haujatoka ndani ya nyumba hii. Itakuudhi. Itamuudhi zaidi yeye. Mtazoea au hamtazoea, barua ya pingamizi lazima iende.

Godoro unalo mwenyewe, libebe.

Na uje na maji yako ya kunywa. Ya huku unayajua.

Mama yako